Mwaka Ambao Wafula Alishika Chaki

Vidonge vya mwisho nilivimeza Ijumaa asubuhi, nimesimama jikoni kwetu Riruta Satellite, na nusu ya kiazi kitamu mkononi. Hakuna aliyepiga makofi. Mke wangu, Nekesa, alikuwa anatafuta kifuniko cha sufuria. Binti yetu, Sifa, alikuwa anatafuta soksi ya pili. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa miezi sita, na ilipofika ilinipita kama filamu iliyotangazwa mwaka mzima halafu ukaikuta ni ya kawaida tu.

Naandika kwa ajili ya mtu ambaye leo amepewa kile kikopo kidogo chenye kifuniko, akaambiwa aende nyuma ya jengo akohoe ndani yake. Sitakueleza TB ni nini. Mabango yako ukutani kliniki, na utakuwa na muda wa kuyasoma mpaka uyajue kwa moyo. Nitakueleza yale ambayo mabango hayasemi, na mengi yake ni ya aibu, kwa sababu mimi niliugua vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza kilikuwa kifua. Cha pili kilikuwa wivu, na hicho hakuna aliyenipima.

Lazima nianze kwa Hajra. Hajra ni mama wa Kinubi mwenye nyumba ndefu ya mabati na udongo huko Kibera, aliyoachiwa na babu yake. Chumba cha mbele kina mashine tatu za michezo, ambako vijana hucheza kandanda ya runinga na kutukanana kwa upendo. Chumba cha nyuma ni cha sinema: mabenchi sita, projekta moja, shuka jeupe ukutani. Mlangoni hutundikwa ubao mweusi wa plaiwudi wenye pande mbili. Upande mmoja umeandikwa ZILIZOBAMBA, yaani zilizotupendeza, upande wa pili ZILIZOBOESHA, zilizotuchosha. Filamu ikiisha, au mchezo mpya ukishachezwa wiki moja, mwenye chaki huandika hukumu ya muda. Kisha Jumapili ya kwanza ya Desemba tunakutana kutoa hukumu ya mwaka. Anayetaka filamu yake ipande juu ubaoni lazima asimame mbele ya watu na asimulie sehemu moja tu, kwa mdomo wake, bila picha. Chumba kikinyamaza, filamu imepita. Watu wakianza kuchezea simu, imeanguka. Hakuna rufaa.

Kwa miaka tisa mwenye chaki nilikuwa mimi. Hajra alinipa kazi hiyo kwa sababu nilienda chuo kikuu na nina mwandiko mzuri, na kwa sababu huandika safu kuhusu filamu na michezo katika gazeti la mtandaoni ambalo wasomaji wake wa hakika ni mimi, mhariri, na shemeji yangu wa Bungoma. Watu wa kwa Hajra huniita Prof. Wengi wao hawaniiti hivyo kwa heshima, lakini mimi niliichukua kama heshima.

Wafula alikaa kulia kwangu. Ni seremala mwenye kibanda Kawangware, karibu na soko, aliyeacha shule darasa la nane. Jumapili tulitembea pamoja kwa miguu mpaka Kibera, tukakaa benchi la pili, bega kwa bega, kwa sababu benchi lilitengenezewa watu wanne na sisi huwa watano. Wafula hatazami filamu akiwa kimya. Anaongea na watu walio kwenye shuka. Anawashauri waachane na wanawake wasiofaa, anawaambia mlango ule bawaba zake zitakatika, na kweli zinakatika. Watu hucheka mpaka filamu inarudishwa nyuma. Mimi nilikuwa nikimwambia, "Wafula, tusikize," kisha nyumbani nikayaweka maneno yake katika safu yangu kama yangu. Mhariri aliniandikia mara moja tu kunisifu, na alinukuu sentensi mbili. Zote zilikuwa za Wafula.

Sasa unaelewa nilipokuwa nimesimama mvua za Machi zilipoanza na mimi nikaanza kukohoa.

Nililaumu vumbi. Mvua ilipotuliza vumbi nililaumu mvua. Kwa Hajra palikuwa pamezibwa kila mahali. Kila tundu lilikuwa na kadibodi, na mlango ulikuwa na blanketi, kwa sababu projekta ya zamani inataka giza. Tulijivunia giza lile. Hata saa saba mchana ulikuwa huoni kiganja chako. Ndani humo nilikohoa Machi yote na Aprili yote, mdomo ukiwa kwenye mkono wa koti.

"Prof," Wafula alisema siku moja, kimya kikiwa kimetanda kwenye filamu, "hiyo kukohoa ni trela ama ndio filamu yenyewe?"

Chumba kizima kilicheka. Nilicheka pia. Niliudhika wiki nzima.

Kufikia Mei nilikuwa nimetoboa mshipi matundu mawili mapya kwa msumari. Mashati yangu yalining'inia kama yanaanikwa. Asubuhi Nekesa alikuwa akikunja shuka lililolowa jasho na kwenda kulianika uani. Siku nilipotema damu kidogo kwenye sinki, alinitazama kwenye kioo, akasema, "Vaa viatu." Tulienda.

Kliniki ya kifua iko nyuma ya hospitali, chini ya paa la mabati lisilo na kuta, ili upepo upite. Mabenchi matatu. Unakaa, mmoja akiitwa mnasogea wote, na kwa hiyo unafika kwa daktari ukiwa umelilainisha benchi lote kwa makalio. Nilipimwa uzito. Kilo hamsini na moja. Mimi ni mrefu. Sista aliandika bila kushangaa, na nilitamani ashangae.

Majibu yalitoka siku ya pili. Sista alinipa dawa, akanipa kadi, kisha akatoa fomu.

"Nahitaji majina ya watu mnaokaa pamoja muda mrefu. Kwa nyumba kwanza."

Nikampa Nekesa na Sifa.

"Kazini?"

"Naandikia nyumbani."

"Kanisani? Mahali mnaketi karibu karibu, kumefungwa, masaa mengi?"

Nikamtaja Hajra. Nikataja watatu wa benchi letu. Sista akaandika, kalamu ikangoja. "Hao ndio wote?"

Wa tano alikuwa Wafula. Miezi mitatu bega lake lilikuwa kwenye bega langu, na alipoinama kunifanyia mzaha pua zetu nusura zigusane. Kama kulikuwa na mtu mmoja wa kuandikwa, ni yeye. Lakini nilimwona tayari amesimama mbele ya chumba, akiigiza mimi na kikopo changu nyuma ya jengo. Nilisikia kicheko. Halafu, na hili sikumwambia mtu mpaka Novemba, niliwaza: huyu akijua, atachukua chaki.

"Hao ndio wote," nikasema.

Nilijiambia nitamwambia mwenyewe, taratibu, wiki ijayo.

Miezi miwili ya kwanza ni ya vidonge vingi. Mkojo unageuka rangi ya soda ya chungwa na hakuna aliyenionya. Nilipiga kelele chooni kama mtu aliyekutana na nyoka. Magoti yaliuma. Chakula kilinuka chuma. Nekesa alinitengea kikombe, kisha akaona aibu akakirudisha, kisha akakitenga tena. Walipompima yeye na Sifa wakawa salama, alilia kwa furaha, akanikasirikia kwa siku mbili, kwa mpangilio huo. Mimi nililala sebuleni kwenye kochi, dirisha wazi, nikiwasikia wawili hao wakiongea na kucheka chumbani. Nilimwonea wivu binti yangu kwa ajili ya mto wangu.

Niliona wivu kwa kila kitu. Kliniki kulikuwa na mzee muuza makaa aliyeanza dawa siku moja na mimi. Mwisho wa mwezi wa kwanza aliongeza kilo nne. Mimi moja. Alishuka kwenye mizani akitabasamu na mimi nikamchukia kwa dhati. Nilimwonea wivu mtu yeyote aliyepanda ngazi huku anaongea. Sifa aliniwekea kwenye simu yake mchezo wa shamba, unapanda kabeji kwa kidole na baada ya saa chache zimekomaa. Nilizionea wivu hata kabeji.

Katikati ya Juni Wafula alikuja nyumbani. Alibisha, akabaki mlangoni, begani amebeba kitu cha mbao.

"Niaje, shem." Akiwa kwa Hajra mimi ni Prof, nyumbani kwangu mimi ni shemeji, kwa sababu yeye na Nekesa ni Wabukusu. "Nilisikia hauwezi lala ukiwa umenyooka. Hii inaegemea kochi. Unaweza pandisha, unaweza shusha."

Kilikuwa kiegemeo, kimepigwa msasa mpaka kikawa laini kama sabuni, chenye meno matatu ya kurekebisha mwinuko. Alikiweka, akanionyesha, akarudi mlangoni. Nekesa akampa chai nje. Waliongea Kibukusu, na Nekesa akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Machi. Mimi ni Mkikuyu wa hapa hapa Riruta. Kibukusu changu ni salamu na majina ya vyakula. Nililala kwenye kiegemeo kilichotengenezwa na mtu yule, nikisikiliza mke wangu akicheka na mtu yule, na sikumwambia mtu yule kwamba anapaswa kwenda kupimwa.

"Mlikuwa mnacheka nini?" nikamuuliza Nekesa.

"Wewe," akasema. "Anasema ukipona utaandika kwamba hicho kiti ulichora wewe."

Kabla ya kuondoka Wafula alinipigia kelele kutoka uani: "Prof, Hajra amenipatia chaki nishikie. Usijali, mwandiko wangu ni mbaya, watakukumbuka."

Wiki hiyo hiyo mhudumu wa afya wa mtaa alikwenda kwa Hajra, akawaita wale wanne kimya kimya bila kutaja nani aliwataja, ingawa hata mashine za michezo zilijua. Wote walikutwa salama. Akamwambia Hajra atoe kadibodi zote na atoboe madirisha. Hajra alimpa Wafula kazi hiyo, na Julai yote Wafula alikata ukuta wa babu wa Hajra kwa msumeno. Chumba kikapata madirisha manne mazuri. Shuka likapauka. Mashujaa wote wa mwaka huo walipigana wakiwa na rangi ya uji.

Nilihadithiwa na Sifa. Yeye alikwenda kila Jumapili kucheza kandanda chumba cha mbele, akarudi na habari, na kila habari ilikuwa ya Wafula. Wafula ameandika filamu ya India ya ndugu wawili wa reli upande wa kubamba. Wafula ameitupa kuboesha ile ya majitu ya angani. Wafula amewafanya watu wacheke mpaka mama mmoja akamwagikiwa na chai.

"Hiyo ya reli ni ujinga," nilisema. "Treni haisimamishwi na taa ya mkononi."

"Umeiona?"

"Nimesoma kuihusu."

"Baba," Sifa akasema, akachukua simu yake akaenda chumbani.

Nikaamua kujitengenezea mwaka wangu. Nilikuwa na kompyuta, kiegemeo na muda. Nilitazama ile ya majitu, ambayo nilikuwa nimeingoja miaka miwili; nililala kabla jitu la kwanza halijasimama. Nilitazama vichekesho nikiwa peke yangu na uso wangu haukusogea. Nilitazama filamu ya jaji anayeanza kuwa kiziwi, nikaipenda sana, nikageuka kulia kumwambia mtu, na kulia kulikuwa na kabati. Kufikia Agosti, nilipohamia vidonge vichache vya miezi minne iliyobaki, orodha yangu ya zilizoboesha ilikuwa na filamu kumi na tisa. Ilinichukua muda kukubali kwamba haziwezi kuwa mbaya zote. Filamu zilikuwa zile zile. Aliyekosekana ni mtu wa kumwambia shujaa kwamba bawaba zitakatika.

Hilo halikunipunguzia wivu. Lilinipa tu sababu nyingine.

Mwili ulirudi pole pole, kwa vipande. Kwanza njaa. Halafu sauti. Septemba niliweza kwenda dukani na kurudi bila kukaa kwenye jiwe. Nililegeza mshipi tundu moja. Kisha siku moja mwanzoni mwa Novemba Sifa alirudi kutoka Kibera, akavua viatu, akasema kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Wafula amekonda. Na anakohoa kama vile ulikuwa unakohoa."

Nekesa aligeuka kutoka jikoni. "Si alipimwa na wale wengine?"

"Hapana. Anajisifu hata. Anasema daktari aliita benchi yote akamruka yeye, kwa sababu mapafu yake ni ya mvule. Anasema wangekuwa wanamtaka wangemuita."

Nekesa alinitazama. Hajawahi kusoma chuo kikuu na hajawahi kukosea kunisoma mimi.

"Kwa nini hawakumuita?" aliuliza.

Ningependa kuandika kwamba nilivaa viatu. Nilisema sijui. Na niliendelea kusema sijui kwa wiki mbili, kila siku nikimeza dawa ya kuniponya, nikiegemea mbao zake. Niliogopa kliniki ingeona nilidanganya. Niliogopa kicheko. Kilichonivunja mwishowe ni kitu kidogo. Jino moja la kiegemeo lilivunjika, Nekesa akasema nimpelekee Wafula arekebishe, na nikajikuta nafikiria seremala mwingine.

Nilimkuta kibandani anapiga randa mlango. Randa ilikwenda mara mbili, akapumzika. Mara mbili, akapumzika. Shingo ilikuwa imetoka mishipa.

"Prof! Umenona. Umekula nani?"

"Wafula, wacha kazi kidogo."

"Niwache aje, mwenye mlango anakuja saa tisa."

Basi nilimwambia akiwa anapiga randa. Nilimwambia kuhusu fomu, na kalamu iliyongoja, na kwamba nilimjua ndiye wa kwanza wa kuandikwa na sikumwandika. Randa ilisimama. Alipuliza maranda kutoka kwenye mlango, akakohoa, akangoja kikohozi kimalizike kama mtu anayengoja gari kubwa lipite.

"Ulinisahau?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Nilikuonea wivu."

Alinitazama kuona kama ni mzaha. "Wewe? Unionee mimi wivu ya nini?"

"Wanacheka ukiongea."

Alikaa juu ya mlango. Jirani alikuwa anachomelea geti na cheche zilitufikia miguuni.

"Hiyo orodha yako ya ubao kila mwaka," akasema mwishowe, "huwa na nafasi kumi. Zingine unajaza na takataka tu, nakuonanga. Kwa hiyo ya sista, mimi hata namba kumi nilikosa?"

Niliinama nikaanza kuokota maranda.

"Nina mtoto wa miaka mitatu, Prof."

"Najua."

"Unajua." Akasimama, akafunika mlango kwa gunia. "Twende. Na wewe ndio utamwambia huyo sista. Mimi sitakusaidia hapo."

Nilimwambia sista. Hakunikaripia; aliandika tarehe, akanyoosha fomu upya kwa kiganja, na hilo lilikuwa baya zaidi. Tulingoja chini ya mabati. Mimi nilikuwa mkongwe wa benchi lile. Nilijua lini unasogea, bomba gani lina maji, mizani ipi huongeza nusu kilo. Katika robo saa Wafula alikuwa amefanya benchi zima licheke kwa kuuliza kama hii filamu ina mapumziko. Mzee wa makaa alicheka mpaka akashika ubavu. Miezi yote ile mzee yule hakuwahi kucheka kwa neno langu hata kwa bahati mbaya.

Majibu ya Wafula yalikuwa yale tuliyoyajua. Mke wake na watoto wawili wakubwa walikuwa salama. Yule mdogo alianzishiwa dawa ya kumkinga. Mke wa Wafula alinifungulia mlango nilipopeleka matunda, akapokea matunda, akafunga mlango. Mpaka leo ananisalimia kwa kidevu. Sidai zaidi.

Nilimaliza dawa Ijumaa ile. Jumapili ilikuwa ya kwanza ya Desemba.

Nilitembea mpaka Kibera peke yangu, bila kusimama mara moja. Chumba cha Hajra kilijaa mwanga. Kwa mara ya kwanza niliona nyuso za watu niliokaa nao miaka tisa, na baadhi yao ni wazee kuliko sauti zao. Wafula hakuwepo. Alikuwa na siku tisa tu za dawa na aliambiwa akae nyumbani.

Hajra alinyoosha mkono. "Prof, umerudi. Shika chaki yako."

Mtu mwema angesita. Mkono wangu uliifumbata chaki kabla hajamaliza kusema.

Nilianza na filamu yangu ya jaji kiziwi. Nilisimama, nikasimulia pale anaposoma hukumu bila kusikia chumba kinalia. Niliisimulia vizuri, nadhani. Kijana wa benchi la tatu alitoa simu. Kisha mwingine. "Prof, hiyo ni ya kulala," mtu akasema kwa upole, na nikaketi.

Michezo ilipita, ile kandanda ikishinda kama kila mwaka. Vichekesho vikapita. Kisha Hajra akauliza, "Ile ya reli nani anaisimamia?"

Hakuna aliyeinuka. Ilikuwa ya Wafula. Na kwa sheria, asiyekuwepo filamu yake huanguka. Nilikuwa na chaki mkononi na upande wa ZILIZOBOESHA ulikuwa karibu zaidi na mimi.

"Nitampigia," nikasema.

"Sheria ni kusimama," Hajra alisema.

Simu ilishikwa mara moja, kana kwamba ilikuwa inangojwa. Nikaweka sauti ya nje.

"Hajra anasema sheria ni kusimama."

"Niko kwa miguu, mama," sauti ya Wafula ikasema, nyembamba. "Uliza bibi yangu."

"Amesimama," mke wake akasema kwa mbali, bila furaha.

Spika ya simu yangu ni mbovu, kwa hiyo niliiinua juu ya kichwa ili benchi la nyuma wasikie. Wafula alisimulia pale mlima umeporomoka juu ya reli, kaka mkubwa amefunikwa mpaka kiunoni, na mdogo hana kitu ila taa. Hawezi kumchimbua. Anachoweza ni kusimama kwenye reli na kuinua taa, na treni bado iko mbali, na mkono unachoka. Wafula hakutia mzaha hata mmoja. Katikati alikohoa, kwa muda mrefu, na hakuna mtu aliyegusa simu yake. Tulingoja. Akaendelea. Mkono wangu ulianza kutetemeka kuanzia begani. Mwezi wa Juni nisingeweza kuinua kikombe hivyo.

"Usishushe, Prof," mtu akanong'ona nyuma.

Sikushusha. Alipomaliza, hata chumba cha mbele mashine zilikuwa zimenyamaza. Nilibadilisha mkono, nikaandika ile ya reli namba moja, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

"Imepita?" simu ikauliza.

"Imepita."

"Sawa. Upande wa kuboesha, namba moja usijaze. Hiyo ni yangu. Nikija nitaandika mwenyewe."

Akakata. Wengine walidhani ni mzaha unaokuja. Mimi nilijua jina litakaloandikwa pale, nikaona ni haki, nikaacha nafasi pana ya kulitosha. Wiki mbili nililala vibaya kuliko Aprili.

Alikuja Jumapili kabla ya Krismasi, barakoa kidevuni, mwembamba, anatembea kama mtu anayebeba trei. Hakunisalimia. Alinyoosha kiganja, nikampa chaki. Alisimama mbele ya ubao, chumba kizima kinatazama, na kwa ule mwandiko wake mbaya akaandika: MADIRISHA.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile kwa Hajra, na Hajra mwenyewe alikaa chini kwa kucheka. Wafula alirudi benchi la pili, akakaa kulia kwangu. Filamu ilianza, rangi ya uji, upepo ukipita kati yetu. Nilicheka mpaka machozi, halafu machozi yakabaki peke yake kwa muda, halafu, kwa sababu mimi ni mimi, niliwaza kwamba hilo ningependa niliandike mimi.

Kwako uliye na kikopo mkononi: kula hata kama chakula kinanuka chuma. Fungua dirisha. Sista akileta fomu, andika wote, na uanze na yule ambaye hutaki ajue.

Wafula yuko mwezi wa tatu sasa. Jana tulikwenda pamoja kupima uzito wake. Ameongeza kilo sita. Mimi nikiwa mwezi kama huo nilikuwa nimeongeza tatu. Nimeangalia kwenye kadi.